Neno la Kwanza Tu

1

Matanga ya Lugano yalipokwisha, dada yake Subilaga hakwenda kulala kama shangazi zake walivyomsihi. Alishika njia ya Kituo cha Mvuke, akakung'uta jivu mabegani mlangoni, akaketi mbele ya skrini yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nje jivu liliendelea kushuka, jepesi kama unga wa kupepetwa. Watoto wa mji wa Lusungo walilichora jua kwa penseli ya kijivu, na walimu hawakuwa wakiwasahihisha. Mji mzima uliishi kwa joto la tumboni mwa mlima. Mvuke ulipanda kupitia mahandaki matatu, ukaingia kwenye mabomba, ukapasha nyumba, mabanda ya ndizi na zahanati. Watu walishuka mahandakini kwa zamu kukaza na kuziba mabomba, na kila saa mashine iliyoko juu iliwauliza swali moja kwenye kioo kidogo kilichofungwa ukutani: HALI YA HANDAKI?

Majibu yaliyokubalika yalikuwa mawili. NZURI, mvuke unaendelea kupita. MBAYA, koki zinafungwa na king'ora kinalia. Ukiandika kitu kingine, kengele inalia na swali linarudi, na litarudi mpaka utakapotoa jibu linalokubalika.

Siku handaki la kwanza lilipoporomoka, Lugano alikuwa ndani. Baraza la Joto lilichunguza likatoa kauli fupi: mfanyakazi aliulizwa, akajibu NZURI. Ni ajali, Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Lakini makaburini mzee Asangwile, kiongozi wa vijana wa mahandakini, alimvuta Subilaga pembeni.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, kabla sijarudi mlangoni kufuata spana. Nduguyo aliandika mstari mrefu. Nilimwona anabonyeza, anabonyeza, na glavu zake zile. Mtu haandiki mstari mrefu kusema nzuri."

Maneno hayo ndiyo yaliyomleta kituoni.

Programu ya Lusungo iliandikwa kwa Lisp, lugha ya zamani ya mabano ndani ya mabano, kama vyungu vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Walioileta waliichagua kwa sababu mji hauwezi kuzimwa. Programu ya namna hiyo unaweza kuifungua ikiwa inatembea, ukachomoa kipande na kuweka kingine, kama fundi anayebadilisha bati moja bovu huku wenye nyumba wanakula chini yake. Tena ikikwama haifi. Husimama palepale ilipofika, ikamwuliza aliye mezani: nimekutana na hili, nipite njia ipi?

Subilaga alifungua kipande kinachouliza. Kilikuwa kifupi. Onyesha swali. Soma jibu. Litazame kama limo kati ya yanayokubalika. Kama halimo, uliza tena. Kama limo, lipokee, kisha fagia chochote kilichobaki mstarini, kisije kikachafua swali linalofuata.

Alirudi kwenye "soma". Kisomaji cha Lisp huchukua kitu kimoja na kusimama. Ukikiandikia maneno kumi, kinalitwaa la kwanza na kuyaacha tisa yakisubiri mlangoni. Na ufagio uko nyuma yake.

Akaweka mkono mdomoni.

Nani katika nchi hii, akiulizwa hali, huanza na ubaya? Mama mwenye mtoto mgonjwa husema nzuri, ila mtoto ana homa. Mfiwa mwenyewe, macho mekundu, husema nzuri, ila tumepata msiba. Nzuri ni kigoda anachopewa aliyeuliza, akae kwanza, ndipo aambiwe. Na watu wa mahandakini, waliolelewa na mama haohao, walikuwa wakiiandikia mashine kama wanavyomjibu mtu, wakidhani huko juu kuna mtu anayesoma mpaka mwisho.

"Gwamaka!" aliita. "Njoo uone alichosema Lugano."

Gwamaka, mkuu wa zamu, alikuja na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mnene mwenye masihara, lakini tangu msiba aliyaacha masihara yake nyumbani. Alitazama skrini.

"Mbona sioni kitu?"

"Ndicho nilichokuitia."

Alimweleza. Gwamaka alisikiliza, chai ikapoa mkononi.

"Sasa unataka nini, Subi?"

"Mashine isifagie. Likizidi neno moja, isimame, iniulize mimi."

"Kila ila?"

"Kila ila."

"Binti wee, Asangwile ana ila tangu alipozaliwa. Utasikia ila za magoti, ila za wake zao, ila za Yanga na Simba. Na mashine ikisimama kungoja jibu lako, mvuke unashuka nusu. Unajua hilo?"

"Najua."

"Mabomba yakipoa kabisa, ni mpaka kesho yake kuyapasha tena polepole, yasije yakapasuka. Unajua hilo nalo?"

"Kaka Gwamaka, mimi ndiye niliyekufundisha hilo."

Gwamaka alicheka kidogo bila kutaka. "Haya. Majaribio, mpaka Baraza likutane. Lakini uketi mezani wewe mwenyewe. Sitaki kijana mwingine abebe mzigo wa ila."

Subilaga alibadilisha kipande kile programu ikiwa inatembea. Hakuna taa iliyopepesa.

2

Ila zilikuja kama mbu wa masika.

NZURI ILA CHAI YA LEO HAINA SUKARI. NZURI ILA KAKOBE ANAKOROMA HUKU AMESIMAMA. NZURI ILA TUNAOMBA MTU AMWAMBIE MAMA ATU NITACHELEWA ASIFUNGE MLANGO. Kila mara programu ilisimama, ikamletea Subilaga njia tatu: pokea neno la kwanza, uliza tena, au sitisha mvuke. Kila mara alisoma mpaka mwisho, akapokea, na mvuke ukapanda tena. Nyumba za juu zililalamika kwamba maji ya kuoga yanakuja vuguvugu. Gwamaka alipokea simu hizo, akajibu kwa upole, akikata simu anatukana ukuta.

Subilaga alipotoka kazini alipitia zahanati. Bupe, mke wa marehemu Lugano, alikuwa huko tangu wiki ya msiba. Uchungu ulimshika siku ya mazishi, mimba ikiwa changa, na mtoto akazaliwa njiti, mwekundu, mikono yake kama miguu ya kifaranga. Walimlaza kwenye chumba cha joto pamoja na njiti wengine wawili, ndani ya kisanduku cha kioo kilichozungukwa na bomba la mvuke.

"Wifi, habari za hapa?"

"Nzuri, wifi. Ila maziwa yanatoka matone matone tu."

"Yatakuja. Kunywa uji."

"Nakunywa mpaka nimekuwa pipa." Bupe aligusa kioo kwa kidole. "Mtazame. Anakunja uso kama kaka yako akidaiwa zamu ya kupika."

Subilaga alitazama. Ni kweli, ule mkunjo kati ya nyusi ulikuwa wa Lugano. Alikaa muda mrefu akiutazama. Bomba lililokizunguka kisanduku lilinguruma taratibu. Zamani bomba hilo lilitoka handaki la kwanza. Baada ya maporomoko walilihamishia handaki la tatu. Alijua, kwani ndiye aliyeandika badiliko hilo.

"Jina?" aliuliza.

"Nangoja aongezeke kidogo. Ukimpa mtu jina, na ulimwengu nao unamjua." Bupe alitabasamu kwa uchovu. "Wacha kwanza tumfiche."

3

Asubuhi moja ilikuwa ya baridi kuliko zote za mwezi. Asangwile na vijana wake watatu walikuwa handaki la tatu tangu alfajiri. Saa tano programu ilisimama.

HANDAKI LA TATU. JIBU LIMEZIDI NENO MOJA.
NZURI ILA UKUTA WA KUSHOTO UNATOKA JASHO

Subilaga aliona mara moja kwamba hii haikuwa ila ya sukari. Alichagua njia ya pili, akaandika kwa mkono wake: Baba, ni jasho la moto au la baridi?

Jibu lilichukua muda. Alimwona kwa mawazo yule mzee akitafuta herufi kwa kidole chenye glavu.

NZURI MWANANGU ILA SIJUI NIMEVAA GLAVU

Vua, baba, uguse.

NZURI ILA NI VUGUVUGU NA UKUTA HUU UNA KAWAIDA YA KUTOKA JASHO WAKATI WA BARIDI

Gwamaka alikuwa amesimama nyuma yake sasa. "Basi. Amesema ni kawaida."

"Amesema ukuta una kawaida. Hajasema leo ni kawaida."

"Subi, tukiwa hapa tunabishana mvuke uko nusu. Handaki la tatu ndilo linaloilisha zahanati."

"Najua."

"Najua unajua. Nasema ili kesho nisije nikaambiwa sikusema."

"Watoke nje kwanza, tukague, ndipo warudi."

"Watokeje? Mlango wao haufunguki bomba kuu likiwa na nguvu, mpaka lishushwe polepole zamu zikibadilika. Kuwatoa sasa ni kusitisha. Na kusitisha ni mpaka kesho."

Hakuna kati yao aliyetaja kisanduku cha kioo. Hakikuhitaji kutajwa, kilikuwa kimekaa mezani kati yao.

Subilaga aliandika tena, na safari hii hakuandika kama fundi: Baba Asangwile, ingekuwa wewe uko hapa juu, ungetutoa?

Mshale wa skrini ulipepesa, ukapepesa.

NZURI. ILA MIMI NI MZEE NIMEZOEA. VIJANA WANANITAZAMA USONI

Akalisoma jibu mara mbili. Mtu aliyezoea hutazamwa usoni na wasiozoea pale tu uso wake unapobadilika. Lakini je, ulibadilika kwa sababu ya ukuta, au kwa sababu ya maswali yenyewe, kwamba wa juu hawaishi kuuliza? Hakuwa na namna ya kujua. Alichukua simu, akapiga zahanati, akamwambia muuguzi: "Toeni njiti kwenye visanduku. Wabebeni vifuani, ngozi kwa ngozi, mablanketi juu. Haraka." Muuguzi aliuliza kwa muda gani. Akamwambia, "Mpaka kesho."

Kisha akachagua njia ya tatu.

Programu haikutii mara moja. Ilikuwa sheria ya Lusungo tangu mwanzo: jambo zito halifanywi kwa kubonyeza herufi moja, maana kidole huteleza. Swali likatokea katikati ya skrini, peke yake.

UNA HAKIKA? ANDIKA NENO ZIMA: NDIYO AU HAPANA.

Vidole vyake vilisimama juu ya kibodi.

Hakuwa na hakika. Huo ndio ulikuwa ukweli wote aliokuwa nao. Na kwa swali hili ukweli ulikuwa kitu kisichokubalika. Angeuandika, kengele ingelia na swali lingerudi, na lingerudi. Akisema HAPANA, mashine ingeona ameghairi, mvuke ungepanda kamili juu ya watu wanne na ukuta unaotoka jasho. Kipande hiki cha kuthibitisha hakukigusa wakati ule anabadilisha. Kilikuwa bado kipande cha zamani, na ufagio wake.

"Subi," Gwamaka alisema, chini kabisa. "Ukisema ndiyo, baadaye wataandika kwamba ulikuwa na hakika."

"Kama walivyoandika kwamba Lugano alisema nzuri."

"Enhe."

Akaandika. Aliandika yote, akijua hakuna atakayeyasoma, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na mama yake kumjibu anayeuliza: NDIYO ILA SINA HAKIKA NISAMEHENI.

Mashine ikachukua neno la kwanza. Yaliyobaki yakafagiwa. Koki zikafunga, moja baada ya nyingine, na king'ora kikalia juu ya mapaa ya Lusungo.

4

Watu wanne walitoka. Asangwile alikuja kituoni akiwa bado na kofia ya chuma, akamshika Subilaga mikono yote miwili, akasema neno moja la nyumbani, "Ndaga," ambalo ni shukrani na ni heshima.

Mafundi walishuka alasiri, wakaukagua ukuta. Uligongwa, ukapimwa, ukapigwa picha. Haukuwa umeanguka. Mkubwa wao alisema huenda ungeanguka jioni ile, huenda usingeanguka milele. Jiwe halina ahadi. Waliweka nguzo upande wa kushoto. Asubuhi mvuke ulianza kurudi polepole.

Zahanati ilipita siku na usiku ule kwa miili ya watu. Wanawake wa kata walipokezana, kila mmoja akifungua kanga na kumlaza njiti kati ya matiti yake. Subilaga alibeba zamu yake. Mtoto wa Bupe alikuwa mwepesi kiasi kwamba ilimbidi azuie pumzi yake ili asikie ya mtoto. Wale wawili wengine, waliomzidi kwa majuma, walivuka. Yeye alifika hadi mabomba yalipoanza kunguruma tena, akafika hadi kisanduku kilipopata joto na wakamrudisha humo, akakunja uso wake mara moja. Siku ya pili yake, mchana, aliacha kupumua.

Daktari alisema njiti wa umri ule huweza kufa hata bila baridi. Alisema pia huenda asingekufa. Aliyasema yote mawili kwa sauti ileile.

Walimzika kando ya baba yake. Bupe alisema jina lake pale, kwa sauti ya kawaida, ili wote wasikie: Asajile.

Baada ya mazishi watu walijaa nyumbani, kisha wakapungua. Subilaga alikuwa hajazungumza naye. Alikuwa ameosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, na sasa alisimama kwenye kizingiti cha chumba alimolala Bupe, hajui aingie au atoke.

"Ingia, wifi. Baridi inaingia."

Akaingia, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Ni mimi niliyesitisha."

"Najua. Muuguzi aliniambia sauti ilikuwa yako."

"Sikuwa na hakika, Bupe. Ukuta haukuanguka. Sikuwa na hakika hata kidogo."

Bupe alikuwa amelala ubavu, kanga imefungwa kifuani kwa nguvu, maana maziwa yaliyokuwa yakitoka matone sasa yalikuwa yamekuja yote, hayana wa kuyanywa. Doa la maji lilikuwa limepenya kwenye kitambaa. Subilaga aliona, akashindwa kutazama, akatazama.

"Nimekuchukia tangu juzi," Bupe alisema hatimaye, bila kupandisha sauti. "Nilipokuwa namshika vile, nilikuwa nasema moyoni, mwanamke huyu aliwapa watu wa wengine joto la mwanangu. Halafu anaingia mtu kunipa pole, naona ni mke wa Kakobe. Kakobe alikuwemo mle?"

"Alikuwemo."

"Amebeba uji. Anaumwaga nusu sakafuni. Nikashindwa kumchukia yeye. Wewe bado naweza."

"Nichukie, wifi."

"Usinipe ruhusa."

Sauti za wanaume zilisikika uani, kisha hodi, na Gwamaka akachungulia, kofia mkononi, akiuma midomo kwa aibu ya kuja na shughuli kwenye nyumba ya msiba.

"Poleni. Samahani sana. Bupe, pole, mama." Akamgeukia Subilaga. "Baraza limekaa. Wamesema mji hauwezi kuendeshwa kwa ila. Wanataka kirudi kile kipande cha zamani, na watu wafundishwe kujibu neno moja, nzuri au mbaya, basi. Lakini nimewaambia nani ana haki ya kuamua hilo kuliko aliyefiwa pande zote mbili? Wakasema haya, nenda kamwulize, ila atupe jibu leo hii. Tuache au turudishe?"

Subilaga alifungua mdomo. Aliwaona wanne wakitoka handakini wakisugua macho. Aliuona mkunjo kati ya nyusi ndogo. Hakuna upande uliokuwa mzito kuliko mwingine; pande zote mbili zilikuwa kifuani mwake.

"Siwezi," alisema. "Kaka Gwamaka, siwezi mimi."

Gwamaka aliitazama sakafu.

"Kaka Gwamaka." Ilikuwa sauti ya Bupe, kutoka mkekani, hakugeuka. "Saa hizi mle ndani yuko nani?"

"Handaki la tatu? Asangwile. Na vijana wake. Wameshuka asubuhi."

"Na Kakobe?"

"Na Kakobe."

Bupe alikaza kanga kifuani.

"Waacheni wamalize kusema," alisema.

Akajifunika kanga usoni. Gwamaka alisimama kidogo, kama mtu anayengoja aambiwe tena, kisha akatoka, na viatu vyake vikasikika vikienda mbio kwenye jivu. Subilaga alibaki pale magotini. Baada ya muda mkono wa Bupe ulitoka chini ya kanga, ukapapasa mkeka, ukaupata wake, ukaushika kwa nguvu iliyouma. Subilaga aliuacha umuumize.